Kisu, Bobari au Patasi: Kipi Kinunuliwe Kwanza kwa Nakshi za Mbao

Anayetaka kuchonga nakshi zinazoinuka juu ya ubao, kama zile za milango ya Mji wa Kale hapa Mombasa, hahitaji vyuma vingi. Anahitaji vichache vinavyoshika makali, kwa sababu mkato mchafu hautengenezwi kwa msasa. Msasa hula ukingo wa ua lililochongwa na kuliacha butu.

Nafasi ya kwanza naipa kisu kifupi cha kuchongea, chenye ncha na mpini unaojaa kiganjani. Ndicho kinachokata nyuzi za ubao kwenye mstari wa mchoro kabla ya mbao ya pembeni kuondolewa, ili kibanzi kiishie mpakani badala ya kupasuka na kuingia ndani ya ua. Mpini na uinamie kidogo upande wa ua, ukuta upate kuwa mpana chini, kwani ua lililochimbwa chini mapema humeguka.

Ya pili ni bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, ya upana wa milimita 10 au 12 na yenye mkunjo mdogo. Katika hesabu ya Sheffield, yaani namba zinazoonyesha kiasi cha mkunjo, namba 3 inakaribia kuwa bapa na namba 9 ni nusu duara; nunua namba 3. Hiyo husawazisha ardhi ya nakshi, yaani sehemu iliyoshushwa kuzunguka maua, bila pembe zake kuchimba mifereji, kosa ambalo patasi bapa hulifanya kila mara. Kwa hiyo patasi bapa naiweka ya tatu, kwa mistari iliyonyooka. Patasi yenye umbo la V ni ya nne, kwa kuwa kunoa makali mawili yanayokutana humshinda anayeanza. Seti ya bei rahisi ya vipande 12 ndani ya boksi ni ya mwisho, na mimi nisingeinunua.

Chuma kilichofuliwa na mhunzi wa jua kali kutokana na springi ya gari kinaweza kukata vizuri kuliko cha dukani, mradi kimepikwa sawasawa, yaani kimepashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu. Kabla ya kulipa, pitisha tupa taratibu karibu na makali: ikiuma kwa urahisi, chuma ni laini, ikiteleza, ni kigumu. Rangi ya buluu kwenye makali yaliyosagwa kwa mashine ni dalili kwamba yamepata moto kupita kiasi na hayatadumu. Kisha kata kipande cha mbao laini kukingama nyuzi zake: uso ung'ae, na mstari mweupe wowote ni alama ya pengo katika makali. Tazama pia ndani ya bobari, ambako wauzaji wengi huacha mikwaruzo.

Tenga fedha ya kinoo pamoja na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu hukifanya chuma kilichoachwa mezani bila mafuta kianze kushika kutu.