Demo ya gemu itoe kiasi gani? Uzoefu wangu nikiwa Chake Chake

Demo ni kipande cha gemu unachopewa ukijaribu kabla ya kununua. Msimamo wangu nauweka mwanzo kabisa: demo nzuri ni ile inayonifikisha kwenye kazi hasa nitakayokuwa naifanya gemu zima, na nikishanunua nisirudishwe nyuma kuanza upya. Iwe nusu saa au saa kumi, hilo linategemea gemu yenyewe. Nimechezea demo nyingi hapa Chake, nyingine kwenye laptopu, nyingine kwenye Nintendo Switch, mashine ya gemu niliyoletewa na mtoto wa ami yangu anayeishi Muscat, na tofauti kati ya demo na demo ni kubwa mno.

Watu husema demo ni ya bure. Kwetu Pemba si bure, inakula bando. Ukishusha giga kumi na kitu pesa imeshatoka, na umeme ukikatika katikati, ruta ikazimika, usiku wote umekwenda unasubiri mstari ufike mwisho. Halafu gemu kubwa inayotoka leo mara nyingi inauzwa dola 60 mpaka 70, ambazo kwa shilingi zetu ni kama laki moja na nusu na zaidi. Mtu hatoi pesa hiyo kwa kuangalia video ya matangazo tu. Demo ndiyo inayomwambia atoe au aache, na kwa kuwa ameshailipia kwa bando, ana haki ya kupata kitu cha maana ndani yake.

Iliyonikuna zaidi ni demo ya Octopath Traveler, gemu ya mwaka 2018. Inakupa saa 3 za kucheza, na unachagua mhusika mmoja kati ya wanane. Mimi nilimchukua Tressa, binti wa wafanyabiashara katika mji wa bandari uitwao Rippletide. Maharamia wanakuja wanabeba mali za watu, naye anaamua kwenda kuzirudisha. Nimekulia karibu na gati, hadithi ya duka, jahazi na mzigo uliopotea haikuhitaji kunishawishi sana.

Lakini kilichoninunulisha ni mapigano. Kila adui ana ngao yenye namba, na pembeni kuna vijisanduku vyenye alama ya kuuliza vinavyoficha udhaifu wake. Unajaribu mkuki, unajaribu upinde, unajaribu upepo. Ukipatia, kijisanduku kinafunguka na namba ya ngao inapungua. Ikifika sifuri adui anaduwaa, anapoteza zamu yake, na hapo kila pigo linamwingia vizuri. Wakati huo huo unajiwekea pointi za nguvu zamu kwa zamu, unazimwaga pale adui anapoduwaa. Yote haya nimekutana nayo ndani ya demo. Tangu niinunue, ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo, ila maadui wamekuwa wagumu na njia za kuwapiga zimeongezeka. Hicho ndicho ninachokidai: demo inionyeshe mzunguko wa gemu, yaani ile kazi inayojirudia, nijue kama nitauchoka.

Kuna jambo jengine ambalo wapitiaji wa gemu wa nje hawalitaji. Sisi tunacheza kwa Kiingereza ambacho si chetu. Nilianzisha upya demo hiyo hiyo nikamchagua H'aanit, mwindaji, nikakuta anazungumza Kiingereza cha kale, kigumu kwelikweli. Tressa anazungumza kawaida. Demo ilinijuza hilo kabla sijalipa, nikajua nitaweza kuifuata hadithi, na nikajua ni wapi nitapita polepole. Kwa mchezaji wa huku, kupima lugha ni nusu ya faida ya demo.

Na zile saa 3 hazikupotea. Niliponunua gemu kamili, iliisoma sevu ya demo, yaani kumbukumbu ya pale nilipofika, na nikaendelea pale pale nilipoishia, na vitu vyangu vyote. Hebu fikiria ingekuwa vyengine: usikilize tena mazungumzo yale yale, umpige tena bosi, yaani adui mkubwa, yule yule, huku umeme unaweza kuondoka wakati wowote. Kampuni isiyohamisha sevu inamwadhibu yule aliyekubali kujaribu.

Dragon Quest XI S ya Switch ilikwenda mbali zaidi. Demo yake ya mwaka 2019 inatoa kiasi cha saa 10, na sevu inahama. Wapo waliosema ni nyingi kupita kiasi. Sikubaliani nao. Gemu ile ni ndefu sana na inaanza polepole: kijana anatoka kijijini, anakwenda kwa mfalme, badala ya kupokewa anatiwa gerezani. Ukimkata mtu katika saa ya kwanza, atadhani gemu nzima ni kutembea na kuzungumza na wanakijiji. Gemu inayochelewa kuchemka inahitaji demo ndefu.

Sasa ile iliyoniudhi. Ni gemu ya mapigano na kuzunguka nchi, kampuni yake siitaji. Demo yenyewe nzito, ilimeza bando lililokuwa litufae nyumba nzima. Tukakaa mimi na mtoto wa kaka yangu, bado yuko skuli, pedi ya kuchezea anayo yeye. Ikaanza filamu ndefu. Halafu mafunzo: bonyeza hiki uruke, bonyeza hiki ukimbie. Halafu adui mmoja. Alipoanguka tu, skrini ikawa nyeupe, pakaja maandishi ya asante na kitufe cha kununua. Mtoto akanigeukia, "Ami, imeharibika?" Nikamwambia haikuharibika, ndiyo imekwisha. Akaiweka pedi chini akatoka nje kucheza mpira, na mimi nikaifuta usiku ule ule. Pengine gemu ni nzuri. Sijui, na demo ilikuwa na kazi moja tu, kunijuza hilo.

Kuna aina nyengine inayosifiwa sana: demo iliyotengenezwa peke yake, isiyokuwa kipande cha gemu. Resident Evil 7 ilitoa ya namna hiyo mwaka 2016, Beginning Hour, uko ndani ya nyumba mbovu unatafuta njia ya kutoka. Inatisha, imetengenezwa kwa ustadi, na mazingira yake yanaendana na gemu. Hata hivyo mimi nataka kionjo kilichomegwa kwenye sinia lile lile nitakalouziwa, kama wanavyofanya wauza halua wa Wete: anakumegea hapo hapo mbele yako, ukiipenda anakupimia kutoka pale pale. Demo ya peke yake naipa heshima yake kama kazi ya sanaa, lakini haiwezi kuniambia saa ya tano ya gemu itakuwaje.

Wazee wa kompyuta wanakumbuka kwamba zamani ukarimu ulikuwa mkubwa. Doom ya mwaka 1993 iligawa bure sehemu yote ya kwanza, hatua 9 ukihesabu na ile ya siri, na watu wakaruhusiwa kunakiliana. Waliotaka sehemu mbili zilizobaki ndio waliolipa. Theluthi nzima ya gemu! Na ikawa miongoni mwa gemu zilizojulikana kuliko zote duniani. Minecraft ya kompyuta nayo imechukua njia yake: inakupa siku 5 za ndani ya gemu, kila siku dakika 20, yaani saa moja na dakika 40 hivi. Unachimba, unajenga, usiku unajificha. Hawakuficha kitu, wamekata muda tu. Kwa gemu isiyo na hadithi ya kuharibika, naona huo ndio mkato sahihi.

Mpira ni habari nyengine. Demo ya mpira haihitaji saa 10, nipe timu chache na mechi kamili, si vipindi vya kufumba na kufumbua. Vijana wetu wanaijua gemu ya mpira kwa kulipia mechi kwenye mabanda ya gemu, wakiinuka pale wameshaamua. Kwa FIFA 21 kampuni ya EA haikutoa demo, na kampuni ya Konami mwaka 2021 iliigeuza gemu yake ya mpira, PES, kuwa eFootball ya kucheza bure, basi mjadala kwa upande huo umepoa.

Watengenezaji wana hofu yao, na si ya kupuuza. Mwaka 2013 Jesse Schell, mtengenezaji na mwalimu wa usanifu wa gemu, alionyesha takwimu za gemu za mashine ya Xbox 360, ambazo gemu zilizokuwa na video ya matangazo bila demo ziliuza vizuri kuliko zilizokuwa na vyote viwili. Naamini inaweza kutokea. Mtu akishaonja, hamu yake huenda imekwisha, au amegundua gemu haimfai. Lakini huyo aliyegundua haimfai ameokoa laki moja na nusu yake, na kwangu mimi huyo ndiye wa kuhurumiwa kwanza.

Wengine husema demo za nini wakati Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza kufika saa 2. Ni utaratibu mzuri, nimeutumia. Lakini lazima kwanza uwe na kadi inayokubali malipo ya mtandao na pesa yote mkononi, ushushe gemu nzima, si kipande. Kijana wa Mkoani anayetumia simu ya mama yake kulipia bando hayumo kwenye hesabu hiyo. Demo anaweza kuifikia.

Kwa hiyo katika hizi, Octopath Traveler naiweka juu kabisa kwa kiasi na kwa sevu, Dragon Quest XI S inafuata kwa kuwa inadai muda ambao si kila mtu anao, na Minecraft inafaa zaidi kwa nyumba yenye watoto. Ninachowaomba watengenezaji ni waandike wazi kwenye ukurasa wa demo: ni giga ngapi, inatoa muda gani, sevu inahama au haihami. Na wewe unayetaka kujaribu kwenye Switch, ukiifuta demo ili upate nafasi, futa programu peke yake. Sevu iache, ndiyo utakayoendelea nayo siku utakayonunua.