Sauti ya bibi wameiokoa, mwandiko wa baba wameutupa

Naandika moyo bado unanienda mbio kwa hiyo atakayeona naruka huku na kule avumilie. Nilipeleka kaseti ya familia kwa mafundi wanaohamisha kaseti za zamani kuwa faili za kompyuta, jina lao siliweki hapa. Kazi ya sauti wameifanya vizuri sana, tena sana, hilo nalisema mapema. Lakini ganda la ile kaseti, ile plastiki yenyewe iliyobandikwa lebo yenye mwandiko wa marehemu baba, wamelitupa. Kwenye takataka jamani. Bila kuniuliza, bila kunipigia simu, na simu yangu waliiandika kwenye risiti kwa mkono wao wenyewe.

Wacha nieleze hiyo kaseti ni nini maana najua kuna mtu atasema aah plastiki tu hiyo. Baba alikuwa na redio kaseti yake, ile yenye mkono wa kubebea juu, na kipindi fulani sisi tukiwa bado wadogo aliamua kumrekodi mama yake, yaani bibi yetu, akisimulia maisha yake, alikozaliwa, aliyemlea, alivyokutana na babu, watoto aliowazika, na katikati ya maneno anaingiza nyimbo za kubembelezea watoto. Kaseti ya dakika 90, yaani 45 upande huu na 45 upande wa pili, na zote zimejaa. Alipomaliza akavivunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu ili mtu asije akabonyeza rekodi bahati mbaya, halafu akachukua bairo nyekundu akaandika kwa herufi kubwa: MAMA ANASIMULIA. USIFUTE. Hilo USIFUTE akalipigia mistari miwili chini. Kalamu baba alikuwa anaikandamiza, ukipitisha kidole kwenye lebo unazipapasa herufi moja moja, na ile M ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu unaoshuka kushoto. Sisi watoto tulikuwa tunarekodi miziki ya redioni juu ya kaseti yoyote tunayoikuta, hata zilizovunjwa vijino tulikuwa tunaziba tundu kwa selotepu tunaendelea, lakini hiyo moja hakuna aliyethubutu kuigusa. Ni lile neno lililoilinda miaka yote.

Bibi alitangulia, baba akafuata. Na baba hakuwa mtu wa kuandika, ukiondoa sahihi zake kwenye makaratasi ya ofisini hatuna kitu kingine alichokiandika kwa mkono ambacho ukikisoma unamsikia yeye kabisa anavyoamrisha. Kava la nje lilishapotea zamani. Kilichobaki ni ile lebo.

Kwa nini niliipeleka? Kwa sababu kaseti inakufa hata ukiifungia kabatini. Sauti yenyewe ni unga wa sumaku uliogundishwa juu ya utepe mwembamba wa plastiki, na hiyo gundi inazeeka. Kaseti ni kitu Philips walikitoa mwaka 1963, na mwanzoni ilikuwa hasa ya kurekodia maongezi, sidhani kama kuna aliyefikiria watu watakuja kuweka ukoo mzima humo ndani. Redio kaseti ya nyumbani nayo mkanda wake wa mpira ulishalegea, na utepe unatakiwa upite kwenye hedi, kile kichuma kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, sasa mkanda ukilegea mwendo unapungua na sauti inazama, bibi alikuwa anatoka na sauti nzito ya kiume mpaka watoto wa dada yangu wakawa wanaogopa. Juu ya hapo sauti ikaanza kufifia na kurudi, kufifia na kurudi, nikasema hapana, hii nikichelewa nitajuta.

Siku ya kupeleka walinipokea vizuri mno. Fundi mwenyewe alitoka ndani, akaishika kaseti kwa ncha za vidole, akamulika na tochi ya simu pale chini utepe unapopita, akaniambia dada angalia hapa, kile kitambaa kidogo kinachousukuma utepe ubane kwenye hedi kimedondoka, gundi imekauka, ndio maana sauti inakuja na kupotea. Nikaangalia, kweli, kimebaki kile kibati chembamba kama unyasi kikiwa kitupu. Nikafurahi, nikasema huyu anajua kazi. Nikamwambia fundi wangu hii ni kumbukumbu ya wazazi, akasema usijali dada, naielewa. Akaelewa nini sasa? Hapo ndipo ninapochoka.

Nimerudi kuchukua, fundi hayupo, yupo kijana wa kaunta. Ananipa fleshi na kaseti moja jipya kabisa, ganda linang'aa, unaona mpaka ndani, halina hata lebo. Nikamwambia kaka hii siyo yangu. Akasema ni yako, utepe ni ule ule ila umehamishiwa kwenye ganda zima. Nikauliza la zamani liko wapi, akasema la zamani si lilikuwa bovu, tulishatupa. Anasema hivyo huku anachezea simu yake. Nikamwambia naomba mnitafutie, lilikuwa na maandishi ya baba yangu. Akanyanyua macho akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanijibu:

"Dada, wewe ulileta sauti, sauti umepata. Sasa unalilia plastiki?"

Mbele ya wateja wengine. Mmoja akacheka. Nilisimama pale mdomo umekauka, damu inanichemka, nikamuuliza taka zenu mnamwaga wapi, nikiwa tayari kwenda kufukua kwa mikono yangu, akasema zilishabebwa zamani hizo. Halafu akageuka akamwambia mtu wa nyuma yangu karibu kaka. Mimi nikawa nimeshaisha hapo.

Niwaambie kitu kinachoniuma zaidi. Kuhamisha utepe kwenda kwenye ganda jingine siyo kosa, ni njia inayojulikana na mafundi wengi wanaifanya, na kama ganda limeharibika ndiyo njia ya kuokoa utepe. Lakini ganda la baba lilikuwa la skrubu, nne pembeni na moja katikati, nalijua vizuri kwa sababu utepe uliwahi kukwama na baba akalifungua mezani kwa bisibisi ndogo akalirudishia. Maana yake ungeweza kulifungua taratibu, ukabadilisha kile kitambaa tu kwa kukitoa kwenye kaseti nyingine isiyo na kazi, ukafunga, basi. Au kama uliona ni salama zaidi utepe usomwe ukiwa kwenye ganda jipya, sawa kabisa, hamisha, soma, maliza, halafu ganda la mwenyewe mpe mwenyewe. Hata yale maganda yaliyogundishwa ambayo huwezi kuyafungua bila kuyapasua, bado upande wenye lebo unabaki mzima, unauweka kwenye kifuko unamkabidhi mtu. Inagharimu nini? Na lebo imeandikwa USIFUTE kwa wino mwekundu, herufi kubwa, mistari miwili. Mtu mwenye macho anasoma neno kama hilo kisha analipeleka kwenye ndoo ya taka mkono haumtetemeki?

Nimefika nyumbani nimeapa siisikilizi. Nikasema ndio basi, huduma mbovu, watu wabovu, naandika na ninyi wote msiende. Ile fleshi niliitupia kwenye droo.

Usiku nikaitoa.

Jamani. Kwanza sauti ni ya bibi. Ya bibi kweli, siyo lile dubwana la redio yetu mbovu, ile sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa sentensi, anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtu aliyekufa. Wamerekebisha mwendo mpaka wimbo wake umekaa kwenye kimo chake. Wamenipa faili za aina mbili, zile kubwa za WAV za kuhifadhi na zile ndogo za MP3 za kutumiana kwenye simu, pande zote mbili, zimepewa majina yanayoeleweka. Na hawakusafisha kupita kiasi, hilo niliogopa sana, maana kuna wanaopitisha programu ya kuondoa kelele mpaka mtu anasikika anaongea chini ya maji. Hapa ule mvumo wa utepe umebaki kwa chini chini, na unasikia mvua inaanza kwenye bati, unasikia mtoto analia kwa mbali, huenda ni mimi, huenda ni kaka yangu.

Halafu kuna sehemu pale mwanzo, kabla bibi hajaanza, unasikia neno lake la kwanza kwa mbali sana, hafifu, sekunde moja hivi, kisha linakuja lenyewe kwa sauti kamili. Nilidhani ni kosa la fundi. Kumbe ni ile ya utepe kukaa umezungushwa miaka mingi, sumaku ya mzunguko mmoja inaachia alama kwenye mzunguko uliougusa, kwa hiyo maneno yanatangulia kujisikia yenyewe. Kwenye redio yetu hatukuwahi kulisikia hilo. Na kabla ya hapo kabisa, mahali ambapo sisi siku zote tulikuwa tunasikia mlio wa kitufe tu na mngurumo, kuna baba. Anasema, "Haya mama, anza, inazunguka." Maneno manne. Hatukuwahi kujua yapo. Nimempigia dada yangu usiku ule ule, tumelia kwenye simu wote wawili hata salamu hatujapeana.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Niwape alama ngapi hawa watu? Mtu aliyenitolea sauti ya baba kutoka kwenye mngurumo ndiye huyo huyo aliyetupa mkono wa baba. Nikisikiliza nasema Mungu ambariki huyo fundi, nikiishika hiyo kaseti mpya tupu hasira inarudi upya, tena kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu mtu mwenye sikio la namna hiyo hana kisingizio. Angekuwa fundi wa kubahatisha ningesema hajui. Huyu anajua.

Nilipiga simu kumtafuta fundi mwenyewe. Alipokea, nikamwaga yote. Hakubisha. Akasema ganda alilifungua yeye, akaliweka pembeni ya meza na skrubu zake ndani ya kifuko, alikuwa na nia ya kulirudishia akishamaliza kusoma utepe, kijana akafanya usafi. Akasema, "Nisamehe dada yangu, lile neno nililisoma, ndio maana nililitenga." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, siyo ya kunituliza tu. Nikakosa la kumjibu. Hasira yangu ikabaki kwa yule wa kaunta na dharau yake, maana hata kama alitupa kwa kutojua, lile jibu alilonijibu alilijua vizuri, na hadi leo hajasema pole.

Nilikuwa nataka kumalizia kwa kuwaambia msiende. Siwezi. Kama una kaseti ya mzazi inafifia na huna pa kuipeleka, kazi ya hao watu ya sauti siijui mahali pengine inapofanyika hivyo. Ila usiache kitu mikononi mwa kaunta. Mtake fundi, mwambie aandike kwenye risiti kwamba ganda, lebo, kava, karatasi, skrubu, kila kilichoingia kitatoka, na upige picha pande zote mbili kwa karibu mbele yake.

Dada yangu ana kaseti nyingine mbili, moja ni ya harusi yao wazazi, lebo zake kaandika mama. Amekataa katakata zisiende kule. Mimi nimemwambia fundi nitazileta siku ambayo yupo yeye, nitakaa pale pale kwenye benchi mpaka afungue, asome na afunge, hata kama ni mchana kutwa, na ganda halitoki mezani mbele ya macho yangu. Amekubali. Nikamwambia na yule kijana awepo, nina maneno naye. Akanyamaza kidogo, akasema atakuwepo.