Pawa saplai ya kompyuta ya gari niliyoiunda mwenyewe: uzoefu wangu

Betri ya gari tunaiita ya volti 12, ila multimita haisemi hivyo. Yangu, ambayo hunasa kiwango cha chini kabisa, ilisoma 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.2 ikinguruma, na 7.5 stata inapovuta. Kompyuta nayo, kwa viwango vya ATX (vya pawa saplai za kompyuta), inataka laini yake ya volti 12 ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Ndiyo maana moduli ya kushusha volti tu, kama ya LM2596, siipendekezi kwa laini hiyo: betri ikiwa chini ya 12 haina cha kushusha, na kompyuta inazimika kila unapopiga stata.

Nilichoridhika nacho ni moduli ya LTC3780, inayoshusha na kupandisha kwa koili moja. Inalisha bodi ndogo ya pini 24, inayochomekwa kwenye mazabodi ya kompyuta, inayopitisha 12 moja kwa moja na kujitengenezea 5 na 3.3. Rekebisha volti kabla ya kuunganisha kompyuta. Kiskrubu cha moduli cha kurekebishia kina mizunguko mingi. Unaweza kukizungusha mara kadhaa bila namba kusogea, kisha zikaruka ghafla. Nilikiacha kwenye 12.1, nikakitonea rangi ya kucha ili mtikisiko wa barabara usikilegeze.

Usibanie unene wa waya. Mzigo wa wati 60, ufanisi ukiwa asilimia 85, huvuta zaidi ya ampea 9 betri inapokuwa 7.5. Nilipitisha waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa upande wa kompyuta, waya ukichunika njiani unawaka moto bila kizuizi.

LTC3780 haivumilii zaidi ya volti 36, na terminali ya betri ikichomoka oltaneta ikiwa inachaji, volti huruka kupita hapo. Dayodi ya 5KP20A baada ya fyuzi huzikaba kwenye 32 hivi. Ile ya 5KP24A inakaba karibu na 39, yaani imechelewa.

Kuzima kunahitaji rilei yenye taima: ufunguo ukitolewa, kompyuta ipate dakika moja ya kujifunga, kisha umeme ukatwe wote, la sivyo moduli inanyonya betri usiku kucha.

Kasoro iliyobaki ni joto. Ndani ya boksi lisilo na matundu koili haishikiki kwa kidole. Feni ya milimita 40 inatosha.