Umefunga Kamera, Galari Je? Tunachambua Ruhusa za Kamera kwa Android

Aya, niaje watu wangu, karibuni tena kwa chaneli, tuko Kisumu kama kawaida, na kama mnasikia pikipiki huko nyuma hiyo ni Kondele haijui kunyamaza na mimi sifungi dirisha na hili joto. Leo sijaleta simu mpya. Leo tunachambua kitu kiko tayari ndani ya simu yako na hukulipia hata shilingi juu yake, yaani zile setingi za Android za kuruhusu ama kunyima apu kamera. Mmeniuliza sana kwa komenti, ati hizi apu zinatuangalia ama hazituangalii, na kuna wale wamebandika selotepu kwa kamera ya mbele, nimewaona, msijifiche.

Nimeshika simu mbili hapa. Hii moja ni ya kawaida tu, ya kama shilingi 15,000, iko na Android 13. Hii ingine ni ya zamani, kioo kimepasuka hapa kwa kona, bado iko Android 9. Nimezileta zote mbili kwa sababu wengi wenu mnanunua simu ya mkono wa pili na hizo setingi zinategemea sana Android iko namba gani, sio jina la kampuni iko nyuma ya simu.

Tuingie. Setingi, Faragha, halafu ile sehemu ya kusimamia ruhusa, halafu Kamera. Kwa simu yako inaweza kuwa imewekwa pengine, kila kampuni inapanga vile inataka, ukipotea andika tu "ruhusa" pale juu kwa sehemu ya kutafuta, ama ukiwa unatumia simu kwa Kiingereza andika neno la Kiingereza, itatokea. Sasa angalieni hii orodha. Kuna apu zimeruhusiwa wakati unazitumia, kuna zile lazima ziulize kila wakati, na kuna zile zimenyimwa. Umeona kitu haiko hapo? Haiko "muda wote". Ukienda kwa lokesheni utapata apu inaweza kupewa ruhusa ya muda wote, lakini kwa kamera hakuna, kwa sababu tangu Android 9 ya mwaka wa 2018 apu ikiwa imelala huko nyuma haiwezi kuwasha kamera. Kwa hivyo hata hii mzee yangu ya kioo imepasuka iko na hiyo kinga. Wale mnaogopa ati umeweka simu kwa meza umelala na apu fulani ya mchezo inakurekodi, hapo kidogo mpumue. Isipokuwa ukiwa kwa simu ya video halafu ukatoka uangalie meseji, hapo kamera inaweza kuendelea, lakini ni wewe ulianzisha na utaona notifikesheni imekaa pale juu.

Sasa ile ya kuuliza kila wakati. Hii ilikuja na Android 11, 2020, na kwangu mimi ndio setingi watu wanadharau na ndio ningeweka kwa karibu kila apu. Apu ikitaka kamera inauliza, unaipa mara hiyo tu, ukitoka kwa apu ukae kidogo ruhusa inaisha yenyewe. Nani anahitaji apu ya benki iwe na kamera kila siku na ulipiga ile selfi mara moja tu wakati wa kufungua akaunti? Wacha iulize. Ile siku itahitaji tena itakuomba.

Lakini iko na kasoro moja inasumbua watu sana na hakuna mtu anawaelezea. Kutoka hiyo hiyo Android 11, ukinyima apu ruhusa mara mbili, haikuulizi tena. Inanyamaza kabisa. Sasa mtu anabonyeza kuskani QR kodi hakuna kitu kinafanyika, anatoa apu anaweka tena, anamaliza bando, mwishowe anapeleka simu kwa fundi, na fundi naye anaenda setingi anawasha kamera kwa nusu dakika anachukua mia mbili yake. Sasa umejua, hiyo mia mbili kula nayo samaki. Ukiona apu imekataa kamera na haiongei, bonyeza jina lake na uishikilie, ingia kwa maelezo ya apu, ruhusa, kamera, rekebisha hapo.

Twende kwa kidoti cha kijani. Mnakiona? Nafungua kamera... hapo, kona ya juu kulia, kimekuja kama kapicha ka kamera halafu kikabaki doti. Hii ni Android 12 kwenda juu, 2021. Ukivuta skrini chini ukigusa hapo inakuambia ni apu gani inatumia. Wazo ni zuri, sibishi, lakini wameifanya ndogo mno. Toka na simu nje saa saba mchana pale Dunga na lile jua la ziwani uniambie kama umeona doti. Pia doti inakuambia tu, haizuii kitu, ikiwaka kamera ishawaka. Nampa sita kwa kumi na nimekuwa mkarimu.

Kitu kimenifurahisha ni hiki. Vuta menyu ya juu mara mbili, bonyeza ka-kalamu ka kuhariri, tafuta kitufe cha kamera, kiburute kije juu. Hiki hapa. Nikikizima, kamera zote, ya mbele na ya nyuma, zimefungwa kwa apu zote mara moja. Apu yenyewe haipewi kosa, inapewa tu picha tupu, nyeusi. Cheki, nafungua apu ya video hapa... nyeusi tii. Sasa wewe wa selotepu, ulikuwa umefunika kamera ya mbele peke yake, ile ya nyuma imeachwa inaangalia dari, na gundi imekuharibia selfi. Kitufe kiko bure na kinafanya kazi kuliko hiyo selotepu.

Shida zake ziko. Kufungua simu kwa uso kwa hii yangu kunakataa nikizima, inabidi namba ya siri. Na ukifungua apu ya kamera inakuletea kaujumbe ka kukuuliza kama unataka kuwasha tena, unagusa mara moja imewaka, kwa hivyo kama umempa mtoto simu usifikirie umemfungia, huyo atagusa tu. Kinalinda dhidi ya apu, hakilindi dhidi ya vidole. Hata hivyo tisa kwa kumi. Kwa ile simu ya Android 9 hakuna kitufe, hakuna doti, hakuna kuuliza kila wakati, ni kuruhusu ama kukataa basi.

Kuna pia dashibodi ya faragha, inakuonyesha ndani ya masaa 24 ni apu gani iligusa kamera na saa ngapi. Iangalie jioni moja halafu utaamua mwenyewe. Na kuna ile ya kuondolea apu ruhusa yenyewe kama hujaifungua miezi kadhaa, hiyo acha imewashwa, usiiguse, Google baadaye waliileta mpaka kwa simu za zamani zenye Android 6 kwenda juu, kwa hivyo hata hii mzee yangu imefikiwa.

Sasa nani apewe na nani anyimwe. Tochi kwanza. Stima ikipotea huku kwetu, na mnajua inapotea, mtu anashusha apu ya tochi ya kwanza anayoona. Tochi haihitaji ruhusa ya kamera! Zamani ilihitaji kwa sababu taa na kamera zilikuwa zinashikwa pamoja, lakini kutoka Android 6 ya 2015 apu inaweza kuwasha taa bila kugusa kamera, na hata hivyo tochi iko hapo kwa menyu ya juu, ya bure, haina matangazo. Apu ya tochi ikikuomba kamera leo, ing'oe. Kikokotoo, vivyo hivyo. Apu ya hali ya hewa, vivyo hivyo. WhatsApp mpe wakati unaitumia, hakuna haja ya kujisumbua.

Apu za mikopo sasa. Hapa polepole, kwa sababu hapa ndio nilitaka tufike.

Apu ya mkopo ikikuomba kamera inaweza kuwa haki yake, inataka selfi na picha ya kitambulisho ijue ni wewe. Mpe mara hiyo tu, piga, toka. Lakini ikikuomba galari, yaani zile picha ziko tayari ndani ya simu, simama hapo hapo. Google 2023 walibadilisha masharti ya Play Store, apu za mikopo ya watu binafsi haziruhusiwi kuchukua picha zako wala kontakti zako. Na hapa Kenya tangu mwanzo wa mwaka huo huo lazima ionyeshe makaratasi ya Benki Kuu ndio ikae kwa Play Store. Kwa hivyo inayokuomba galari ama imevunja masharti ama ulitumiwa linki ukaishusha huko nje, na kama ni ya linki mimi sina la kukusaidia, itoe.

Kwa nini nalia na galari na video ni ya kamera? Kwa sababu ruhusa ya kamera inalinda lensi, haigusi zile picha ulishapiga. Fikiria galari yako, sasa hivi, usinionyeshe. Iko na kitambulisho mbele na nyuma. Iko na skrinishoti za M-Pesa na salio linaonekana. Cheti cha mtoto cha kuzaliwa, PIN ya KRA ya ushuru, ile hati ya shamba ya mzee mlipiga picha ikitumwa kwa mwanasheria. Dada mmoja anauza mitumba Kibuye, anapiga nguo kila asubuhi anaweka kwa stetasi, aliniletea simu amenyima kila apu kamera, hata ile ya kuhariri picha, yuko na amani kabisa. Tulipoingia kwa ruhusa ya picha, kila mchezo wa mtoto wake ulikuwa umeruhusiwa galari yote. Apu ikiwa na kamera inaona kile kiko mbele yake wakati umeifungua, ikiwa na galari inaona miaka yako yote, na picha kama zilipigwa lokesheni ikiwa imewashwa, mpaka mahali unaishi pameandikwa ndani.

Na hizi mbili zimewahi kukutana vibaya. Novemba 2019 watafiti wa kampuni ya usalama inaitwa Checkmarx walionyesha ati apu iliyopewa ruhusa ya hifadhi peke yake, bila kamera, iliweza kuiamrisha apu ya kamera ya Google ipige picha na video, hata simu ikiwa imefungwa, halafu ichukue hizo picha kutoka kwa hifadhi. Kamera ya Samsung pia iliguswa. Walizirekebisha, Google walitoa apdeti Julai mwaka huo kabla habari haijatangazwa, kwa hivyo usiingie baridi, lakini apdeti apu yako ya kamera, hasa wewe na simu ya zamani ambaye unasema apdeti zinakula bando.

Hapa ndio Android 13 na 14 zinaacha hii mzee mbali sana. Kwa Android 9 ruhusa ni moja tu, hifadhi, ukiipa apu umeipa picha, video, nyimbo, yote. Android 13 imetenganisha, picha na video kivyake, sauti kivyake, na imeleta ile njia ya kuchagua picha ambapo apu inapata tu ile umeigusa na haihitaji ruhusa yoyote. Android 14 imeongeza kuchagua, mtu anaipa apu picha fulani tu na zingine haizioni. Ukiona hilo chaguo la picha fulani tu, lichukue, kila wakati, hata kwa apu unayoiamini.

Kidogo kando hapa kwa wenye biashara, simu inakuuliza wewe ruhusa, haimuulizi yule unampiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila wazazi kukubali, na kilabu kimoja 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja. Wewe wa saluni unayerekodi nywele za watu kwa TikTok, uliza kwanza.

Sasa kama unanunua simu ya mkono wa pili pale Oginga Odinga Street, kabla hujaangalia kamera ni megapikseli ngapi ingia setingi, kuhusu simu, angalia namba ya Android. Chini ya 12, teremsha bei ama endelea kutembea, maduka ni mengi. 13 ndio ningekuambia uchukue, na kama pesa inafika 14, chukua hiyo bila kufikiria sana.

Andikeni kwa komenti simu gani na Android namba ngapi, na wale mko 12 kwenda juu mniambie kitufe mmekipata wapi, kwa sababu kuna simu zingine wamekizika huko ndani. Ruhusa ya maikrofoni itapata video yake.