Boksi la Kusafisha Stima: Wiki Mbili za Kusikiliza, Langoni

Assalam aleikum, watazamaji wangu. Mkisikia punda analia huko chini msishtuke, hapa mtaani Langoni, Lamu, hayo ndiyo magari yetu.

Leo tunalo hili boksi jeusi, linalokaa kati ya ukuta na amplifaya. Soketi sita, bei shilingi 68,000, na muuzaji anaapa kuwa likisafisha stima muziki unafunguka. Nimeazimwa na rafiki, sijalipwa na mtu, na Jumamosi linapanda boti ya Mokowe kurudi kwa mwenyewe.

Nimechomoa plagi, nimefungua kifuniko. Mnaona? Koili mbili, kapasita kadhaa, na hivi vidude vya buluu mfano wa sarafu. Stima ikiruka ghafla, hivi ndivyo vinavyojitoa mhanga ili amplifaya ipone. Lakini angalieni kisichokuwemo: hakuna cha kupandisha nguvu. Stima yetu inatakiwa iwe volti 240. Jana usiku mita yangu ilisoma 205 ukutani, na kwenye boksi 205 vilevile. Kama hiyo ndiyo shida yako, tafuta stabilaiza.

Sasa ugomvi wenyewe: boksi kama hili linabadilisha muziki au la? Wa upande mmoja husema amplifaya tayari ina transfoma na kapasita zake za kulainisha stima, uchafu unaishia hapo. Wenzao hujibu kwamba kelele za masafa ya juu, zile za chaja za simu na taa za LED, hupenya hata hapo. Mimi naona inategemea amplifaya imeundwaje. Yangu ni nzito, ya zamani, haibabaiki. Kitu kimoja nimekisikia bila shaka: friji ikijizima, spika zilikuwa zikitoa “tak!” Kwa boksi, hiyo “tak” imefifia mpaka uivizie.

Na muziki? Siku ya kwanza, wallahi, nilisikia tofauti. Udi umesogea, dumbaki unaisikia ngozi yake. Nikafurahi, kisha nikajishuku, maana boksi lilikuwa mbele ya macho yangu linawaka taa ya kijani.

Nikamwita mpwa wangu, nikampa shilingi ya kurusha. Pazia likashushwa. Kila mara anachomoa na kuchomeka upya, ila sarafu ndiyo inayoamua ni boksi au ukuta. Kitasa cha sauti hakiguswi. Mimi nasikiliza, kisha nataja ni ipi. Mara 16. Ukibahatisha tu unatarajia 8. Mimi hukubali kuwa kuna kitu mtu akifika 12.

“Mjomba, umepata tisa.”

Najua mtaniambia kuchomoa na kuchomeka kunachukua muda, na sikio husahau upesi. Kweli, hilo ni doa la jaribio langu. Ndiyo maana nililiacha boksi wiki mbili, nikiliweka na kulitoa. Hamna.

Lakini msikimbilie kusema masikio hayana kazi. Siku ya nne alikuja ami yangu, aliyepiga udi kwenye harusi za watu miaka na miaka. Nikamketisha, nikaweka taarabu ya zamani. Akafumba macho. Boksi liko, boksi limetoka, hata nyusi hazikucheza. Halafu akauliza:

“Mwanangu, huyu mpigaji amekaa wapi? Namsikia kote, simuoni popote.”

Nikadhani ni maneno ya wazee. Akarudia. Basi nikainama nyuma ya spika ya kushoto na tochi ya simu, na aibu ikanishika: waya mwekundu uko kwenye tundu jeusi, mweusi kwenye jekundu. Tangu nilipohamisha kabati, kabla ya Ramadhani! Spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, sauti nene zinauana, na ile inayotakiwa kutoka katikati ya spika mbili inatawanyika chumba kizima. Video zangu tatu zilizopita nimezichambulia kwenye hali hiyo. Mnisamehe.

Nikageuza waya. Kwa ajili ya wabishi, nilirudia na lile jaribio la sarafu kesho yake: 8 kati ya 16.

Ila usiku ule ule wa kugeuza waya nilimwekea ami wimbo uleule tangu mwanzo. Akasikiliza kimya, kisha akanyoosha kidole katikati ya ukuta, pale pasipo na kitu.

“Eee. Sasa amekaa.”