Kambi ya ushauri wa kazi kwa kidato cha nne: binti yangu alichofanyiwa

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Wazazi ambao watoto wenu wamemaliza kidato cha nne, mtafikiwa na matangazo ya hizi programu za kuwasaidia watoto kuchagua fani. Mimi nilimpeleka wangu kwenye moja hapa Dar, matokeo yalipotoka tu. Ya chakula, fulana na cheti siyaongelei, walitoa kama walivyoahidi. Naongelea meza ya mwisho.

Kwenye meza hiyo mtoto anakaa na mshauri mmoja mmoja, mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma. Binti yangu ana daraja la pili. Fizikia C, Hisabati C, Biolojia D. Kwenye fomu, pale wanapouliza unataka kufanya kazi gani, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: fundi umeme wa magari. Hilo analisema tangu akiwa la sita, na redio ya nyumbani ameshaifungua na kuifunga mara nyingi tu.

Mshauri alisoma, akacheka. Si kutabasamu, alicheka kwa sauti, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili: "Huyu ana two, anataka gereji!" Kisha akamrudia mtoto: "Mama yako ametoa hela yote hii ili wewe msichana ukalale chini ya magari? VETA ni ya waliofeli." Yaani vyuo vya ufundi stadi.

Mwanangu akamjibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, treni ya SGR inayokwenda Dodoma inatembea kwa umeme. Ikiharibika nani anaitengeneza?" Hakujibiwa. Yule kijana alichukua kalamu nyekundu, akakata maneno ya mtoto mara mbili mpaka karatasi ikachanika, pembeni akaandika "CBG, uuguzi", yaani akasome Kemia, Biolojia na Jiografia kidato cha tano na sita. Mtoto mwenye D ya Biolojia na C ya Fizikia! Hata hayo matokeo hakuyatazama.

Uuguzi ni kazi ya heshima, dada yangu ni nesi. Ila mtoto hajautaja popote.

VETA ya waliofeli? Tangu 2024 serikali imeanzisha mkondo wa amali kwenye baadhi ya shule, mtoto anaanza fani kidato cha kwanza. Na mwenye matokeo kama ya binti yangu anaweza kuingia NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo akasoma stashahada ya uhandisi wa magari, miaka mitatu, na baadaye akaendelea na shahada. Mshauri wa fani anayelipwa hakulisema hilo hata kidogo.

Na si kwangu tu. Binti aliyetangulia alisema anataka udaktari lakini Fizikia inamtisha. Akaambiwa achukue CBG, udaktari ataingia tu. Jamani! Shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Yule mtoto atasoma miaka miwili, aje kukuta mlango umefungwa. Karatasi waliyokuwa wakiisomea ilikuwa na tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano) 16, za zamani zile, wakati tangu 2024 ziko 65. Mama yake alikuwa anaandika kila neno kwenye daftari. Nilimfuata nje nikamweleza.

Niliposimama kulalamika, mratibu akaja na sauti ya chini: "Mama, punguza jazba, yule anajitolea tu." Anajitolea, lakini mimi nimelipa. Na hata ingekuwa bure, nani kakuruhusu kumcheka mtoto wa mwenzio mbele ya watu?

Sasa haki niitoe. Siku ya kwanza walimleta dada mmoja fundi mitambo wa bandarini. Alikuja na ovaroli yake na kipima umeme, akakaa na watoto chini, kila mmoja akashika ile mita akapima betri mwenyewe. Akawaeleza alianzia wapi, mshahara wa kwanza ulikuwaje, na wanaume kazini walimpokeaje. Binti yangu alirudi nyumbani anaongea mpaka tukalala. Kwa yule dada peke yake ningesema pelekeni watoto, tena bila kusita. Nilishaanza hata kuwaambia majirani.

Lakini ndiyo inaniuma zaidi! Mmemleta nyinyi wenyewe, mkawaambia watoto muigeni huyu, halafu mtoto anapotaka kumwiga mnamcheka. Basi hapana, msipeleke. Au wapelekeni siku ya kwanza, ya mwisho mbaki nyumbani.

Usiku ule mwanangu aliniambia, "Mama, andika hiyo CBG tu, yaishe." Mtoto ambaye hajawahi kuniambia yaishe. Dirisha la kubadili machaguo kwenye Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua tahasusi na vyuo, lilikuwa bado wazi, tulikaa naye na tukaweka chuo cha ufundi alichokitaka. Alijaza, ila kwa unyonge.

Mratibu amenipigia juzi, anasema watanirudishia nusu ya ada. Hela wabaki nayo. Nataka yule kijana amwite binti yangu, amwangalie usoni na amwombe radhi, na yule mama mwenye daftari apigiwe simu aambiwe ukweli kuhusu CBG kabla dirisha halijafungwa.