Mafunzo ya biashara ya NFTE: maoni ya mzazi, nyota 4 kati ya 5

Binti yangu amemaliza darasa la NFTE (Network for Teaching Entrepreneurship), shirika linalofundisha vijana biashara, hapa New York, na mimi mama yake nina la kusema.

Shirika hili lilianzishwa na Steve Mariotti mwaka 1987. Alikuwa mfanyabiashara, mwaka 1981 vijana walimvamia wakampora, naye akaamua kwenda kufundisha vijana wa aina ileile katika shule za umma. Siku darasa lilipomshinda, alivua saa yake akaanza kuinadi mbele yao kama mchuuzi. Wakatulia. Mwalimu wa hivyo anastahili kukumbukwa, jamani.

Uzuri wa mafunzo ni hesabu ya kitu kimoja, yaani kila kimoja unachouza kinakugharimu na kukuachia kiasi gani. Binti alinunua hereni dazeni moja kwa dola 12 kwenye maduka ya jumla. Akaandika daftarini: hereni dola 1, kifuko senti 25, bei dola 3, kinachobaki dola 1 na senti 75. Jozi mbili zikamvunjikia, akapiga hesabu upya bila kuambiwa. Sasa ananiuliza sambusa zangu zinanigharimu senti ngapi moja moja, mafuta na gesi vikiwemo!

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya mpango wa biashara wa kuwasilisha mbele ya majaji. Unakula muda mno. Ningeongeza siku za kuuza. Ila mzazi mwenye kijana aliyechoshwa na shule, mwandikishe.